Mnywaji wa Lukwele

Jumatatu, 4 Julai 1910

Morogoro, saa kumi jioni. Gari la moshi limechelewa saa moja na dakika kumi – ng'ombe relini, karibu na Ngerengere. Ng'ombe mzima.

Mhariri anataka mistari thelathini, si zaidi. Habari yenyewe: watu wa mjini wanasema milimani kuna mumiani anayenyonya damu ya Waluguru, na wauza mboga wanashuka wakiwa na alama za kuchomwa vidoleni. Niandike kama ni kweli au uongo. Uongo, bila shaka. Kwa miaka kumi na tano ya kuliandikia gazeti hili nimetumwa kutafuta mumiani mara nne. Nilimkuta daktari mwenye sindano, fundi wa simu ya waya, padre na chupa zake za divai, na mlevi mmoja aliyeanguka kwenye rangi. Huyu atakuwa wa tano.

Ndani ya gari mama mmoja alimenya chungwa mbele yangu. Ganda halikukatika, tangu juu mpaka chini. Hivyo ndivyo Asha alivyokuwa akimenya siku nilipomwona mara ya kwanza, barazani kwa mjomba wake, Bagamoyo. Mwaka wa saba huu tangu afe. Nilikuwa sijalikumbuka jambo hilo siku nyingi. Mama alinipa kipande. Kichungu.

Jumanne, 5 Julai

Nimeuliza watu kumi na mmoja. Tisa wamesikia. Wawili wameona. Kati ya hao wawili, mmoja aliona moshi. Anabaki mmoja: mpishi wa Mzungu wa reli, ambaye kila wiki hununua kabichi na njegere kwa mzee Gabrieli wa Lukwele. Aliona alama tatu kwenye kidole cha shahada cha mzee huyo. Akauliza ni nini. Mzee akasema, "Nilikuwa nampa Bibi." Basi. Mumiani mzima wa Morogoro ametoka katika kidole kimoja.

Mchana nilikula kwa Lukasi, karani na mkalimani wa boma. Tunajuana tangu Dar es Salaam. Anasema Lukwele hiyo hiyo ina shauri. Mzungu mmoja anataka sehemu ya juu ya bonde apande miti ya mpira. Sheria inasema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, na serikali ina hiari ya kumpa imtakaye. Mwezi wa tano Bwana Mpima alipanda huko, akawauliza wazee wote tisa mipaka ya ukoo wao iko wapi. Wote wakasema hawajui. Akaandika: haina mwenyewe.

Lukasi alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Wazee tisa, Stambuli. Hata mlevi anajua mlango wake uko wapi."

Shauri litasikilizwa Alhamisi ya tarehe 14. Hukumu Jumatatu ya tarehe 25.

Nitapanda kesho. Kidole na mpaka – vyote viwili viko kijiji kimoja.

Alhamisi, 7 Julai

Lukwele. Mwendo wa siku moja kwa mtu wa mlimani. Mimi siku moja na nusu.

Nimefikia kwa mzee Gabrieli mwenyewe, mkuu wa ukoo. Miaka sitini na kitu, rozari shingoni, mpole. Alama za kidoleni zipo, nimezihesabu, tatu. Nyumba inaendeshwa na Agnes, binti wa dada yake. Kwa Waluguru shamba hupita upande wa mama, kwa hiyo bonde ni la Agnes na watoto wake wanne kuliko lilivyo la mjomba. Sehemu ya juu wameilaza mwaka wa nne sasa, ipumzike. Mvua zijazo ni zamu yake kulimwa, maana ya chini imechoka. Ikichukuliwa, Agnes ana mavuno mamoja ya kukaa hapa. Baada ya hapo ni kwenda kuomba kibarua kwa huyo huyo wa mpira.

Agnes aliniuliza kabila langu. Nikasema baba alikuwa Mnyamwezi, mpagazi, akabaki Bagamoyo. Uso ukamchangamka. Mtani! Akaniambia nitafute mzigo wowote niweke kichwani, maana Mnyamwezi akitembea mtupu huyumba. Nikamjibu kwamba Mluguru akifika tambarare huanguka kwa kukosa mteremko. Akanipakulia mara ya pili.

Ijumaa, 8 Julai

Hapa hakuna kesi ya shamba. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Hakuna, na wala haikumbukwi iliyowahi kuwapo. Sijapata kuona kijiji cha namna hii. Nilimuuliza Gabrieli mpaka wake na jirani yake uko wapi. Akatabasamu, akasugua kidole, akasema alikwisha kuutoa. Alimpa Bibi.

Saa sita, jua la utosini, Bibi akaja. Nilitazamia kikongwe. Akaja mwanamke wa miaka arobaini kwa kumkadiria sana, jembe begani, pengo moja la jino, amekaza kanga kiunoni. Gabrieli akasimama, akavua kofia. "Shikamoo, Bibi." Naye, bila kusita: "Marahaba, mwanangu." Nikatazama nani atacheka. Hakucheka mtu.

Agnes ndiye aliyepiga kelele toka jikoni kwamba kupe amefika, watoto wafichwe. Bibi akajibu kwamba watoto wenyewe ni mifupa, hata mbu hawawataki. Ni watani hao.

Naandika maelezo yao kama yalivyotolewa, na watatu wote, Gabrieli, Agnes na Bibi mwenyewe, wamesema mamoja, kila mmoja peke yake.

Anaitwa Mwaisha. Alifika na chumvi kutoka bara mwaka wa njaa moja ambayo baba yake Gabrieli alikuwa hajazaliwa. Ni Mnywaji. Watu wawili wakigombea mpaka, wote wawili humpa damu kidogo, matone matatu kila mmoja, huku wakiufikiria ule mpaka. Akinywa, wao husahau. Mpaka unabaki kwake, na ugomvi pia. Kila mwaka kabla ya kupanda hupita shamba kwa shamba akionyesha: hapa ni kwako, hapa ni kwako. Hakuna wa kubisha, kwa kuwa hakuna anayekumbuka. Mkuu wa ukoo akizeeka, humpa mipaka mikubwa aliyoipata kwa mtangulizi wake. Kabla ya Mwaisha alikuwapo Mnywaji mwingine, na kabla yake mwingine. Kila mara ni mtani, mtu wa kuja, asiye na shamba hapa. Agnes alisema: "Mwenye shamba hawezi kushika mpaka. Fisi halindi bucha."

Kwa hiyo wale wazee tisa hawakumdanganya Bwana Mpima. Walijibu kweli. Hawajui. Walimwambia pia amuulize Bibi. Akatazama, akaona mwanamke mwenye jembe, akaenda zake.

Siamini. Lakini ni maelezo yaliyonyooka kuliko ya watu wengi wa boma. Na jambo hili lina faida moja: linaweza kupimwa.

Jumapili, 10 Julai

Kipimo. Saa nne asubuhi, uani kwa Gabrieli, baada ya yeye kusalisha watu wake.

Mimi ni mtu wa kuja. Hakuna hapa anayejua maisha yangu. Niliandika kwenye karatasi jambo moja ambalo sijamsimulia mtu, nikaifunga kwa nta, nikampa Gabrieli aishike. Kisha nikampa Mwaisha kidole. Alinichoma kwa mwiba wa mlimau. Matone matatu juu ya kipande cha jani la mgomba. Akaniambia nilifikirie jambo hilo peke yake, nisichanganye. Akalamba. Meno yake ni kama ya mtu yeyote, nilitazama. Akafumba macho kiasi cha kuhesabu ishirini.

Kisha akasema. Baraza ya Bagamoyo, ukuta uliomenyuka chokaa. Msichana anamenya chungwa, ganda halikatiki. Anajua kwamba anatazamwa, na ndiyo maana hakati. Kanga yake ina mipaka myekundu. Mwanamume aliyesimama mtaani ana barua mkononi ya kumpelekea mjomba, naye ameigeuza juu chini.

Gabrieli akafungua karatasi, akanipa niisome. Mimi nikaisoma kwa sauti. Baraza, msichana, chungwa. Ya kanga na barua hayamo.

Mwaisha hakuniangalia tena. Alikuwa akitabasamu kwa jambo lake mwenyewe. Akasema, "Tamu hiyo. Kwa nini umenipa hiyo? Ungenipa kesi."

Kipimo kimefaulu. Nimeandika: amejua yaliyomo, na zaidi ya yaliyomo.

Jumatatu, 11 Julai

Sikuandika jana nusu ya pili ya kipimo. Naiandika leo baada ya kuhakikisha.

Niliposoma ile karatasi sikuona maana yake. Nilidhani nimepewa ya mtu mwingine. Usiku nimerudi kusoma ukurasa wa Jumatatu iliyopita. Kuna mama kwenye gari, kuna chungwa. Hayo nayakumbuka, hata uchungu wake. Kisha nimeandika kwamba Asha alikuwa akimenya hivyo. Sijui. Asha alikuwa mke wangu miaka kumi na mmoja. Nakumbuka harusi. Nakumbuka ugonjwa, siku ishirini na mbili. Tulionana wapi mara ya kwanza – hakuna kitu. Ni kama jino lililong'oka: ulimi unakwenda, unakuta nafasi.

Mwandiko ni wangu. Wino ni wangu. Mimi ni mtu wa kuamini kilichoandikwa.

Basi ni kweli. Mistari thelathini haitoshi. Lakini sasa kuna kazi ya haraka kuliko gazeti. Mwanamke huyu ndiye shahidi pekee wa bonde lile. Nimewaambia: Alhamisi anashuka nasi bomani. Agnes ameanza kumsuka.

Alhamisi, 14 Julai

Shauri. Naandika kama lilivyokwenda.

Kabla ya kuingia nilimfunza Mwaisha pale barazani. Kila shahidi hufunzwa. Nilimwambia: utaulizwa umejuaje, sema babu yako alikuambia. Akauliza, babu yupi? Nikasema yeyote. Akajaribu. Alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Mwisho akasema, "Haitoki. Damu haisemi lisilokuwamo." Nikamwambia ajaribu tena ndani.

Ndani alianza vizuri. Mawe kumi na moja, yamefukiwa, chini ya kila jiwe makaa – makaa hayaozi. Alitaja nani aliyafukia na nani alishika mkuki akisimamia. Bwana Shauri, Mzungu wa boma anayehukumu, aliandika mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi. Mzungu wa mpira aliacha kuchezea kofia yake. Kisha Bwana akauliza mambo hayo ni ya lini. Ya zamani, miaka mia na hamsini, zaidi. Na yeye amejuaje?

"Niliwanywa."

Lukasi aliweka kalamu chini. Amekula yamini ya kutafsiri kila neno. Akatafsiri. Wazungu wawili wakacheka. Nje, dirishani, hakucheka mtu. Mwanamke mmoja akataja mumiani, na neno likapita sokoni kama moto wa majani makavu. Mawe mawili yaligonga ukuta. Moja lilimpata Gabrieli begani.

Bwana aliandika kwamba shahidi ni mwendawazimu, azuiliwe bomani asije akauawa na watu. Katika hilo la pili hakukosea. Akasema: Jumatatu tarehe 25 ni siku ya mwisho. Ukoo ulete shahidi mwenye akili timamu, asiye na faida katika shamba hilo, awezaye kuchora mipaka kwenye ramani na kutia sahihi yake. La sivyo, bonde la juu ni la serikali.

Nimeona jambo moja. Asiye na faida katika shamba – sheria ya Wazungu na desturi ya Lukwele zimekutana mahali hapo, bila kujuana.

Agnes hakulia. Aliniuliza njia nzima ya kurudi tulikofikia kama najua kuchora.

Ijumaa, 15 Julai

Najua kuchora.

Lukasi amenipatia nafasi ya kuingia bomani saa tisa alasiri, kwa kisingizio cha gazeti. Mwaisha amekaa juu ya mkeka, mzima. Ugali hakuugusa. Anasema anaweza kukaa hivyo siku kumi na mbili tangu alipokunywa mara ya mwisho, yaani Jumapili: watu wa bonde, kisha mimi. Baada ya hapo hulala, haamki, na vyote vilivyomo ndani yake hulala naye. Kwa hesabu yangu: Ijumaa ijayo, tarehe 22.

Nilimpa kidole. Akakataa. Amelishwa na watu wa bonde lile miaka yote. Mtu mmoja wa pwani ni kama kunusa mchuzi.

Basi amenieleza mawe yote kumi na moja nami nimeyaandika, kurasa sita, kwa hatua na vidole. Nimemsomea. Akasahihisha mahali pawili. Kazi safi. Kesho napanda.

Jumanne, 19 Julai

Jiwe moja. Kati ya kumi na moja!

Si kosa la maelezo. Ni kweli tupu, ila ni kweli ya macho yaliyokwisha kufa. Jiwe la kwanza: hatua arobaini kutoka mvule uliopasuliwa na radi. Hakuna mvule. Gabrieli hajapata kuuona, wala mama yake. La pili: kijito kinapopinda kushoto. Kijito kimehama, sasa kinapinda kulia, na mbele ya hapo kuna maporomoko. La nne: chini ya nyumba ya mhunzi. Mhunzi yupi? Nimeona la saba tu, kwa sababu limefukiwa ubavuni mwa mwamba mkubwa kama kanisa. Nikachimba – jiwe la mviringo, na chini yake makaa, meusi kama ya jana.

Makaa hayo yamenitia nguvu. Mengine kumi yapo. Ila kuyapata kunataka mtu aliyeuona mvule na kijito vyote viwili, cha zamani na cha sasa, akavifuata vikibadilika mwaka hadi mwaka. Maneno hayawezi. Ni mara yangu ya kwanza kuandika hivyo, na mimi ninakula kwa maneno.

Agnes alichimba nami siku mbili bila mzaha wowote. Jioni ya leo akasema tu, "Kesho tunashuka. Kuna njia nyingine, na Bibi ataikataa kwangu." Hakueleza zaidi.

Alhamisi, 21 Julai

Saa tisa alasiri. Lukasi alikaa mlangoni na daftari. Tumeingia Agnes na mimi.

Mwaisha amekwisha. Siyo kukonda, ni kama kitambaa kilichofuliwa mno. Sauti ipo.

Njia nyingine ni hii: Mnywaji naye hunywewa. Ndivyo yeye alivyoyapata yaliyomtangulia. Anayemnywa huchukua vyote, na yeye hubaki mtupu. Agnes akaweka mkono mbele, akasema anywe yeye. Mwaisha akamwambia apunguze ujinga. Akinywa mwenye shamba, mpaka utasogea kila mwaka unyoya mmoja, na yeye mwenyewe hataona kwamba unasogea.

Kisha akaniangalia mimi. Mtu wa kuja. Mtani. Asiye na shamba popote.

Nilimuuliza maswali niliyotaka kuuliza. Nitazeeka? Polepole sana. Nitakula? Nitakula, bila ladha. Nitaweza kurudi pwani? Naweza, kwa siku kumi na mbili. Nikamuuliza kama yeye itamwuma. Akasema hakumbuki, na akacheka – kati ya yote aliyonayo, hilo tu halimo.

Nilifikiri kwa dakika sita, kwa saa yangu. Nyumba ya Bagamoyo imefungwa. Kalamu inaandika popote. Upande wa pili kuna watoto wanne na bonde. Sikuona hoja ya kuvuta mambo.

Kifundo cha mkono, mwiba ule ule. Dakika nne. Chumvi, moshi, na kitu kama maji ya chuma.

Sitaandika yote yaliyokuja. Hayana mwisho na daftari lina mwisho. Naandika moja. Lilikuja la kwanza, kwa kuwa lilikuwa la mwisho kuingia. Baraza ya Bagamoyo. Chungwa. Mipaka myekundu ya kanga. Na barua – kweli niliishika juu chini.

Mwaisha aliutazama mkono wake, akauliza nani amemchoma. Akaniuliza jina langu. Kisha akauliza lake. Agnes akapiga magoti akamfunga jeraha.

"Unaitwa Mwaisha. Una mdomo mchafu. Mengine nitakufundisha njiani."

Lukasi alimwita Bwana Shauri ambaye, nimtendee haki, alimuuliza tena mwendawazimu wake kama anakunywa watu. Mwaisha alishtuka, akasema Mungu amwepushe, nani anakunywa watu? Bwana akaandika: amepona. Ameachiwa saa kumi na moja.

Jumamosi, 23 Julai

Kumi na moja kati ya kumi na moja.

Tumeanza saa kumi na mbili asubuhi. Nilitembea kama mtu anayekwenda chooni kwake. Mvule nauona mahali ulipokuwa: kwanza mzima, kisha umepasuka, kisha kisiki, kisha hakuna, Gabrieli aliona hewa tu. Nikasema chimbeni hapa. Wakachimba. Mahali pa mhunzi bado nasikia nyundo. Kila jiwe tumelirudisha mahali pake, na makaa kidogo ya kila shimo nimeyafunga kwenye ganda la mgomba, yana namba. Ramani nimeichora mara mbili. Nakala moja anayo Agnes.

Mwaisha alitubebea maji. Alivishangaa vilima kama mgeni. Agnes anamfundisha majina, na mengine anamfundisha ya uongo kwa makusudi, ili acheke.

Watu wa Lukwele walinisubiri kwenye njia ya kurudi, vidole tayari. Nilikunywa kwa saba. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa na njaa.

Gabrieli ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Alivua kofia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu." Ilitoka kabla sijafikiri. Na ilikuwa sawa. Nilikuwapo alipozaliwa; alitoka miguu kwanza.

Kesho tunashuka. Shauri hili limekwisha. Nimewahi kuona mashauri mengi. Hili lina ramani, lina mawe, lina makaa, lina shahidi asiye na shamba ajuaye kuandika. Sioni pa kushindwa.

Jumatatu, 25 Julai

Morogoro, barazani bomani, saa saba mchana. Mapumziko. Naandika upesi.

Mlangoni askari aliniuliza jina, aliandike. Yalikuja majina saba kabla ya langu. Nililipata. Stambuli.

Nilisimama kutoa ushahidi saa nne asubuhi. Nilieleza jiwe baada ya jiwe. Bwana Mpima, ambaye Bwana Shauri alimtuma Jumamosi atufuate na vyombo vyake ahakikishe matatu ya karibu, akasema matatu yote yapo na ramani yangu haikukosea hatua moja. Alisema hivyo huku ameudhika. Ni mtu mwaminifu. Makaa yalifunguliwa mezani. Mzungu wa mpira alimuuliza mwenzake kwa Kijerumani kama kuna bonde jingine upande wa Dumila. Nilimwona Agnes kwenye benchi la nyuma akishika mkono wa Mwaisha, hacheki, hapumui.

Bwana Shauri akachovya kalamu. Akasema anaridhika. Limebaki swali moja la kujaza karatasi. Mambo haya ni ya miaka mia na hamsini, na shahidi ni mtu wa pwani. Amejuaje?

Hapo tarumbeta la saa sita likalia, na Mzungu wa boma haachi chakula kipoe. Tutarudi saa nane. Nitajibu saa nane.

Lukasi ameniletea kahawa; nimeishika tu. Ameinama akaninong'oneza ni mstari mmoja, Stambuli. Sema uliambiwa na babu yake Gabrieli kabla hajafa. Nani atamfukua? Yeye, mkalimani, atautafsiri vizuri kuliko nitakavyousema. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Mstari huo huo ndio niliomfunza Mwaisha mahali hapa hapa, siku kumi na moja zilizopita, nikashangaa amekwama na nini.

Nimejaribu kuusema kwa sauti ya chini. Haukutoka. Nitauandika kwanza, kisha niusome. Naamini kilichoandikwa.

Niliambiwa na babu yake

Tena.

Babu yake Gabrieli ali

Nimechovya wino upya. Mwandiko ni mzuri kuliko wa asubuhi. Babu yake Gabrieli namjua. Alikuwa na kigugumizi, alipenda njegere mbichi, na hakuniambia kitu. Alinipa kidole chake.

Agnes amesogea mpaka kwenye nguzo. Ananiangalia mimi, haliangalii daftari. Tarumbeta. Askari anasoma majina, la kwanza ni langu. Mara moja tena, polepole, neno kwa neno:

Niliwanywa.